Maswali ya Wasomaji: Kumwotea Elki Kutoka Dunguni

Septemba, mwezi wa kuwinda elki kwa upinde, inakaribia, na barua za wasomaji wetu wa majimbo ya Marekani ya Idaho, Montana, Colorado na Utah zimekuwa nyingi. Elki, ambaye jina lake jingine ni wapiti, ni jamii ya kulungu, ila kwa ukubwa anakaribia ng'ombe: dume hupita kilo 300. Dungu tunalozungumzia ni ndugu wa lile la kulindia ndege shambani. Tofauti ni kwamba hili ni la chuma au alumini, hufungwa mtini kwa mikanda, na anayekaa juu yake ana upinde badala ya kombeo.

Nimekaa dunguni siku sita juu ya njia yenye nyayo tele. Nimeona kulungu, kindi na dubu mweusi mmoja. Elki hakuna. Wenzangu kazini, waliokulia Michigan, ndio walioniambia nifunge palipo na njia. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Boise, Idaho*

Wenzako hawakukudanganya, wamekupa elimu ya mnyama mwingine. Kulungu wa mkia mweupe wa Michigan huishi katika eneo dogo na kupita pale pale karibu kila siku. Elki huenda kwa kundi, hutembea kilomita kadhaa kati ya malisho na malazi, na bonde aliloshukia leo anaweza asilione tena mpaka wiki ijayo. Njia yako yenye nyayo tele huenda ilikanyagwa na elki arobaini usiku mmoja, basi. Usihesabu nyayo, hesabu ni za siku ngapi: nyayo kavu zilizomomonyoka kingo, nyingine zenye sindano za msonobari ndani, nyingine mbichi za asubuhi. Ukizikuta zote pamoja, hapo elki anarudi.

Kuna kitu elki hana budi kukirudia, nacho ni maji mwaka ukiwa mkavu. Hata hivyo, acha ziwa. Ziwa lina ufuko wa mita mia tatu na mshale wako unafika mita thelathini. Elki atakunywa upande wa pili ukimtazama. Tafuta chemchemi yenye upana wa meza ya chakula, iliyo ndani ya miti, juu karibu na malazi yao. Bora zaidi ni tope la kugaagaa. Wakati wa kupandana, ambao kilele chake ni kama tarehe 10 hadi 25 Septemba, dume hukojoa ndani ya tope, akagaagaa, kisha akajikuna kwenye vigogo. Tope linalotumika lina maji yaliyovurugika kama chai ya maziwa, manyoya kando yake, matope mabichi kwenye miti kimo cha kifua, na harufu utakayoitambua ukiwa umewahi kufuga beberu. Maji yakiwa maangavu na sindano za msonobari zimetulia chini, tope hilo ni la mwaka jana. Endelea na safari.

Mvua ikinyesha siku mbili, kila shimo la porini lina maji na dungu la chemchemi limekwisha kazi. Hapo hamia shingo ya mlima, pale ukingo unapoinama kati ya vilele viwili. Kundi linalovuka bonde kwenda jingine hupenda kupita palipo chini.

Sasa upepo, maana madungu mengi ya elki hushindwa kwa upepo, hata yakiwa mahali pazuri. Msomaji aliyekulia pwani anaujua umande, ule upepo wa nchi kavu: alfajiri hutoka bara kwenda baharini, na mchana upepo ukageuka. Mlima nao una kawaida hiyo, ila hapa hewa hupanda na kushuka. Jua likishapasha mteremko, saa moja au mbili baada ya kuchomoza, hewa hupanda. Kivuli kikiingia jioni, hewa hupoa na kuteremka, ikifuata makorongo kama maji. Kati ya nyakati hizo mbili kuna kama nusu saa ambayo hewa huzunguka ovyo, na harufu yako hufika kila mahali.

Kwa kikao cha jioni, basi, funga dungu chini kidogo ya chemchemi na pembeni yake, mita 18 hadi 25, ili harufu iteremke kule ambako elki hatoki. Mteremko unaotazama mashariki au kaskazini hupoteza jua mapema, kwa hiyo hewa yake huanza kushuka mapema, pengine saa kumi na moja, na unabaki na saa mbili nzuri za kuotea. Mteremko wa magharibi hupigwa na jua mpaka dakika za mwisho, na hewa hugeuka elki akiwa tayari njiani. Hilo pekee linatosha kukufanya uchague tope dogo la mashariki ukaliacha kubwa la magharibi.

Kupima hewa, chupa ya unga wa talki huonyesha mita mbili tatu tu mbele yako. Chukua nyuzi nyepesi za mbegu, mfano wa sufi, uachie moja moja ukiwa juu. Utaziona zikielea mbali, na mara nyingi utakuta zinageuka kona usiyoitarajia. Upepo ukikataa, usipande. Heri kuwa na madungu mawili na kutumia moja kuliko kulichafua lile zuri kwa harufu yako.

Nifunge mita ngapi juu, na mti gani unafaa?
*Msomaji, Missoula, Montana*

Mita 5 hadi 6.5 kutoka ardhini zinatosha. Zaidi ya hapo unajipa tabu: ukisimama kwenye dungu la mita 6, mshale unaokwenda kwa elki aliye mita 20 hushuka kwa nyuzi kama 17, lakini akikujia mpaka mita 7 zinapita 40, na kwa mwinamo huo ni rahisi kupata pafu moja na kulikosa la pili. Elki wa pafu moja anaweza kwenda mbali sana.

Jihadhari na mteremko. Mlima ukiwa na mwinamo wa nyuzi 20, elki aliye mita 15 upande wa juu amesimama karibu mita tano na nusu juu ya shina la mti wako. Yaani mnatazamana macho kwa macho, wewe ukidhani umejificha. Hapo dawa ni kuwa na matawi manene nyuma yako ya kuvunja umbo lako, au kukaa upande wa shina usioelekea anakotoka.

Upande wa mti wenyewe, miti ya jamii ya msonobari iitwayo ponderosa na Douglas, ikiwa hai, ni imara. Msonobari wa lodgepole hunyooka vizuri lakini mara nyingi ni mwembamba. Angalia kipimo cha shina kilichoandikwa na mtengenezaji wa dungu lako. Mbawakawa wameua misonobari mingi sana ya milima hiyo: sindano nyekundu, gome linalobanduka au unga wa mbao chini ya shina ni ilani ya kutofunga kitu. Aspeni, mti wa majani mapana, hudanganya zaidi kwa sababu huoza kuanzia ndani huku majani yakiwa mabichi. Ukiona uyoga mgumu mweusi ubavuni mwake, au ukiugonga ukalia kama ngoma, uache. Dungu la kupandia, lile linalokwea pamoja na mwindaji, halifai kwenye msonobari wenye matawi kuanzia chini, na katika msitu wa taifa huna ruhusa ya kuyafyeka matawi upendavyo wala kugongomelea misumari. Tumia la kufungwa kwa mikanda na ngazi fupi za vipande. Kabla ya kuliacha mtini, iulize ofisi ya msitu huo siku zinazoruhusiwa.

Mke wangu anasema nisipande bila mikanda ya mwili. Rafiki zangu wanasema mikanda ni ya kuvaa nikishafika juu. Nani mkweli?
*Msomaji, Aurora, Colorado*

Mkeo. Watu huanguka zaidi wakipanda, wakishuka na wakihamia kutoka ngazi kwenda dunguni, kuliko wakiwa wamekaa. Anayevaa juu amevaa baada ya hatari kupita.

Vaa mikanda ya mwili mzima ungali ardhini, ya mapajani ikaze kiasi cha kupitisha vidole viwili. Siku ya kufunga dungu tumia pia mshipi wa kuzungusha shina, kama wa mafundi wa nguzo za umeme, ili mikono yote miwili iwe huru. Vipande vya ngazi viachane hatua unayoweza kuinua goti bila kujivuta, kama sentimita 45. Cha mwisho kipite juu ya sakafu ya dungu kwa sentimita 60 hadi 90, uwe unashuka kuingia dunguni. Anayejikwamua kwenda juu hukanyaga ukingo wa sakafu kwa nguvu, na hapo ndipo mkanda uliolegea huteleza.

Dungu likishakaa, acha kamba ya uhai kutoka shinani hadi juu ya kichwa chako ukiwa umekaa. Juu yake pitisha kitanzi cha fundo la prusiki: mizunguko mitatu ya kamba nyembamba juu ya kamba nene, kwa mfano milimita 8 juu ya 11. Zikilingana unene, fundo haliumi. Ukisukuma kwa mkono linateleza, uzito ukilidondokea linakamata. Lijaribu kila siku, hasa kamba ikiwa imelowa au ina barafu. Panda umejiunga nalo tangu mguu wa kwanza, na ukikaa, ufupishe ulegevu mpaka karibu uishe. Ulegevu wa mita moja ni mita moja ya kuanguka kabla ya kukamatwa.

Upinde hubaki chini. Uvute kwa kamba ukishajifunga, mishale ikiwa ndani ya podo lenye kifuniko. Kigumba cha wembe ulichoanguka nacho hakiulizi wewe ni nani.

Ukianguka ukaning'inia, mikanda ya mapajani hubana damu isirudi kutoka miguuni, na mtu anaweza kuzimia baada ya muda mfupi. Kwa hiyo weka kitanzi cha kukanyagia mfukoni, usimame juu yake na kuchezesha miguu huku ukirudi kwenye ngazi. Simu na filimbi zikae kifuani. Begi lililotundikwa upande wa pili wa shina ni kama liko nyumbani. Na mwachie mkeo ramani yenye alama ya mti huo na saa ya kurudi, kwa kuwa mabonde mengi hayana mtandao.

Madungu mengi hubeba kilo 136, pamoja na nguo, viatu na begi. Jipime ukiwa umevaa. Mikanda ya kufungia ikipauka kwa jua, ikiwa na nyuzi zilizochomoka au alama za meno ya kindi, itupe. Usiliache dungu mtini mwaka mzima: mti hunenepa, na mkanda hukatika ukiwa umekaa juu yake.

Nikiweka jiwe la chumvi karibu na dungu, si watakuja wenyewe?
*Msomaji, Idaho*

Watakuja, na askari wa wanyamapori pia. Kuwinda elki kwa chambo ni kosa Idaho, Colorado na Montana, na chumvi huhesabiwa chambo. Chumvi aliyoiacha mtu mwingine haikupi ruhusa, hama.

Nilifika kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka jana. Nini kinatakiwa kabla sijanunua kibali?
*Msomaji, Twin Falls, Idaho*

Idaho inataka uwe umeishi jimboni miezi sita ndipo ulipe bei ya mkazi, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na ya mgeni. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji, na kwa upinde kuna mafunzo yake na kibali chake cha ziada. Nguvu ya kuvuta upote isipungue ratili 40. Colorado wanaanzia 35, lakini kwa mnyama huyu 60 ni salama zaidi kama mabega yako yanaziweza.

Huku Sweden nasi tunakaa kwenye minara ya mbao kuwinda. Ndiye mnyama huyo huyo?
*Msomaji, Göteborg*

Siye. Wenu ni älg, mwenye pua kubwa na pembe bapa kama sinia, ambaye Wamarekani humwita moose. Mkanganyiko umetokana na Waingereza kumwita elk. Na mnara wenu una kazi nyingine: mbwa au watu huwasukuma wanyama kuelekea kwa wenye bunduki, na kimo huifanya risasi iishie ardhini badala ya kwenda kwa jirani. Huku mwenye upinde humsubiri elki aje kwa hiari yake.

Nilimlenga dume mita 15, mshale ukapita juu ya mgongo. Uwanjani sikosi hata mita 40.
*Msomaji, Idaho Falls*

Uwanjani unalenga ukiwa umesimama wima. Dunguni ulishusha mkono peke yake, na umbo la mwili wako likavunjika. Vuta upote kwanza ukiwa sawa kama uwanjani, kisha inama kiunoni. Fanya mazoezi kutoka juu, ukiwa umevaa mikanda na koti lile lile la siku ya kazi.

Kuhusu umbali, kinachotawala mshale ni umbali wa ardhini. Ukifika juu, pima kwenye vigogo vilivyo usawa wa macho yako, ukariri: kigogo kilichopasuka mita 18, kilicho kando ya jiwe mita 24. Usihangaike na kifaa elki akiwa amefika.

Vuta upote wakati kichwa cha elki kiko nyuma ya mti. Subiri awe ubavu, au awe amekupa kisogo kidogo, na lenga mahali mshale utakapotokea: nyuma ya mguu wa mbele wa upande wa pili. Kifua cha mbele uachane nacho ukiwa juu. Tumia mshale mzito, gramu 28 hadi 34 kwa jumla, wenye kigumba kisichopungua milimita 22 kwa upana, kiwe kikali cha kunyoa nywele za mkono.

Akikimbia, bado hujamaliza kuwinda. Tazama alipopotelea, kaa dakika 30 na zaidi, ndipo ushuke. Damu ya waridi yenye povu ni mapafu, hayuko mbali. Nyekundu iliyoiva ni ini. Ngoja saa nne au zaidi. Ukiona majani yaliyotafunwa au uchafu wa kijani kwenye wano, umepiga tumbo: ondoka kimya na urudi baada ya saa nane au zaidi. Ukimfuata mapema atainuka, na elki aliyeinuka anavuka milima miwili.

Mnyama aliyekufa kwa mshale kabla sijamfikia ni halali?
*Msomaji, Salt Lake City*

Hadithi ya Mtume iliyopokewa na swahaba Adi bin Hatim ndiyo msingi: ukitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuachia, na mshale ukachoma kwa makali yake, kula. Uliopiga kwa ubavu ukaua kwa kishindo, usile. Ukimkuta kesho yake na hana alama ila ya mshale wako, kula, isipokuwa umemkuta majini. Ukimfikia angali hai, mchinje, lakini mwendee kwa mgongoni na uangalie pembe na kwato. Soma pia sheria za jimbo kuhusu kummalizia mnyama katika msimu wa mishale. Penye shaka zaidi, mwone sheikh wako kabla ya Septemba.

Mwaka jana paja zima liliharibika karibu na mfupa. Tulikuwa kilomita nne kutoka garini na joto lilifika nyuzi 25.
*Msomaji, Missoula, Montana*

Liliharibika kwa joto lake lenyewe. Paja la elki ni nene, ngozi yake ni blanketi, na nyama iliyo kwenye nyonga hubaki na joto la mwili kwa saa nyingi hata kukiwa na baridi nje. Jaza kibali kwanza, kisha chuna upande wa juu mara moja na utoe paja la nyuma kabla ya kitu kingine. Joto likiwa kama hilo, toa mfupa hapo hapo, ila hifadhi alama ya kuonyesha ni dume au jike kama sheria ya jimbo inavyotaka. Huhitaji kupasua tumbo: toa miguu minne, minofu ya mgongo na shingo, halafu ingiza mkono chini ya uti wa mgongo, nyuma ya mbavu, utoe minofu ya ndani. Geuza upande wa pili.

Mifuko iwe ya kitambaa kinachopitisha hewa. Plastiki huichemsha nyama. Itundike kivulini karibu na kijito, hewa ni baridi zaidi hapo, lakini usiiloweke. Dume zima hutoa kilo 75 hadi 100 za nyama bila mifupa, yaani mizigo mitatu au minne ya mtu mmoja. Kama hamjapata wabebaji, afadhali mwinde karibu na gari. Garini yawepo madumu ya maji yaliyogandishwa tangu nyumbani.

Montana kuna dubu wa grizli, nao huzifuata harufu za matumbo. Isogeze nyama mita mia moja kutoka mabaki, mahali unapoona mbali, na uitundike mita 3 juu ya ardhi na mita 1.2 kutoka shinani. Dawa ya kupulizia dubu ikae kiunoni, na urudie mzigo unaofuata mchana, ukipiga kelele.

Jambo la mwisho ni ugonjwa wa kudhoofisha kulungu na elki, uliotambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na kufika Idaho mwaka 2021. Husababishwa na protini iliyoharibika ambayo moto wa jikoni hauiui. Usipasue uti wa mgongo kwa msumeno, na peleka tezi za shingoni zipimwe na idara ya wanyamapori. Haujathibitishwa kumpata mtu, lakini ushauri wa afya ni kutomla mnyama aliyekutwa nao. Kwa hiyo andika namba ya kibali juu ya kila pakiti, iweke nyama hiyo friza peke yake, na usimgawie jirani hata kipande mpaka majibu yatoke.